Shokapu za nyuma: nani alipe, na anunue zipi?

WAMILIKI wa pikipiki za biashara mjini Tukuyu na vijijini Rungwe wanazijua barabara gharama za petroli, tairi, cheni na oili ya injini. Gharama hizo zina mistari yake katika daftari. Ipo moja ambayo aghalabu haiandikwi popote mpaka siku chombo kinapolala gereji, nayo ni ya shokapu za nyuma, zile mbili zinazobeba kiti, dereva, abiria na kila kilichofungwa kwenye keria.

Dereva hulalamikia mgongo, abiria hulalamikia barabara, na mwenye chombo hulalamika kwamba hesabu imechelewa. Mara nyingi wote watatu wanazungumzia kifaa kimoja. Makala haya yanaeleza shokapu inafanya kazi gani, zipi zinafaa kwa kazi za Rungwe, zinarudishaje fedha iliyotumika, na kwa nini mkataba kati ya tajiri na dereva ndio unaoamua kama zitanunuliwa au la.

Mvua, miteremko na mikungu

Barabara kuu ya lami itokayo Uyole kupitia Kiwira na Tukuyu hadi mpakani Kasumulu haiisumbui sana pikipiki. Kazi ya bodaboda huanza pale anapoiacha lami hiyo kwenda Ikuti, Masoko, Masukulu au Mwakaleli, na zaidi kwenye njia za mashambani zinazopita katikati ya migomba na chai. Huko ndiko mzigo unakotoka, na huko ndiko shokapu zinakofia.

Tukuyu ipo kwenye mwinuko unaozidi mita 1,500, na ukiteremka Kyela unafika tambarare ya Ziwa Nyasa iliyo kwenye mita 500 hivi. Mvua za Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma hupata chini ya milimita 700. Kwa mwenye pikipiki maana yake ni kwamba tope lenye mchanga hurushwa na tairi la nyuma karibu mwaka mzima. Tope hilo hukauka juu ya fito inayong'aa ya shokapu, na kila fito inapoingia na kutoka, mchanga unaikwangua sili. Sili ikishaliwa, oili huvuja, na shokapu iliyovuja oili imebaki springi tupu.

Mzigo wenyewe nao una thamani. Mikungu ya ndizi huvumilia kidogo. Viazi vya Isongole na Ndaga huvumilia zaidi. Parachichi haivumilii. Parachichi aina ya Hass huvunwa ikiwa ngumu, na pigo inalolipata leo kwenye keria halionekani kwa macho. Alama yake hujitokeza siku kadhaa baadaye, tunda linapolainika, wakati tayari lipo mikononi mwa mnunuzi. Mkulima na dalali hubaki wakilaumiana kuhusu uvunaji, kumbe hasara ilianzia njiani.

Shokapu ina kazi mbili, siyo moja

Wanunuzi wengi huichagua shokapu kwa kuitazama springi. Springi nene huitwa imara, nyembamba huitwa dhaifu. Uamuzi huo ni nusu ya hesabu.

Springi kazi yake ni kubeba. Inapokandamizwa na shimo huhifadhi nguvu ya lile pigo, kisha huirudisha. Ikiachwa peke yake itanesa mara tatu au nne kabla ya kutulia, na katika kila kunesa tairi hupunguza kushika barabara. Ndani ya bomba ndimo kilimo kifaa cha pili, nacho ni pistoni yenye matundu madogo inayopita ndani ya oili. Oili inalazimishwa kupenya katika matundu hayo, na nguvu ya pigo inageuka kuwa joto. Springi hubeba mzigo, oili hutuliza mtikisiko. Raha ya abiria inategemea zaidi hiyo oili, wakati mnunuzi dukani anaonyeshwa springi.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji fundi. Simama kando ya pikipiki, kandamiza kiti kwa nguvu kwa mikono miwili, kisha achia ghafla. Ikiinuka mara moja na kutulia, oili ipo. Ikidunda mara mbili au tatu, oili imekwisha au imeharibika. Kisha pitisha kidole kwenye fito chini ya sili: ukikuta mafuta yaliyochanganyika na vumbi, sili imekufa. Anayenunua pikipiki iliyotumika afanye vipimo hivi viwili kabla ya kutaja bei.

Zipo pia shokapu za gesi. Ndani yake kuna oili pamoja na gesi ya naitrojeni iliyobanwa. Kazi ya gesi ni kuizuia oili isitoe povu inapochemka kwa kazi nyingi, kwa mfano katika mteremko mrefu wa mawe ukiwa na mzigo. Oili yenye povu hupita matunduni bila kizuizi, na shokapu hulegea katikati ya safari. Kwa hiyo gesi ina faida ya kweli. Hata hivyo, sokoni zimejaa shokapu zenye kopo dogo la rangi pembeni ambalo ni pambo tu, halina gesi wala oili ndani yake. Ukiuliza gesi imejazwa kwa presha gani na muuzaji akakuonyesha rangi ya kopo, ujue unauziwa rangi. Ile yenye gesi ya kweli nayo haifunguliwi na fundi wa kijiweni, kwa sababu presha iliyomo inaweza kumjeruhi.

Mzigo ulio nyuma ya ekseli

Kosa kubwa la kibiashara lipo kwenye keria, na linaonekana kwa hesabu ya mizani. Urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma katika pikipiki nyingi za bodaboda ni kama mita 1.3. Tuseme dereva amefunga kilo 100 za ndizi, na uzito wa mzigo huo umekaa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo inakuwa kama mhimili wa mizani. Sentimita 30 ukizigawa kwa 130 unapata asilimia 23. Maana yake ni kwamba gurudumu la nyuma halibebi kilo 100, linabeba kilo 123, na gurudumu la mbele linapunguziwa kilo 23.

Hapo usukani huwa mwepesi, breki ya mbele hukosa nguvu, na shokapu za nyuma hufika mwisho wa safari yake na kuanza kugonga chuma kwa chuma. Mzigo huo huo ukisogezwa mbele hadi ukae juu ya ekseli, au ukining'inizwa pande mbili chini ya kiti, shokapu hupumzishwa kilo 23 bila kutumia hata senti moja. Kusogeza keria ndiyo nafuu ya kwanza ya kuifikiria kabla ya kwenda duka la vipuri.

Maboresho yanayoharibu

Katika kutafuta nafuu, baadhi ya watu hufanya mambo manne ambayo kwa juu juu yanafanana na maboresho.

La kwanza ni kubana vipande vya mpira wa tairi kuukuu katikati ya mizunguko ya springi. Pikipiki huinuka na kugonga hupungua, kwa kuwa springi imefungwa isifanye kazi. Pigo ambalo lingemezwa na shokapu sasa linakwenda kwenye fremu, na ufa huanzia pale shokapu inaposhikwa na bolti ya juu. Kuchomelea fremu ni gharama kubwa kuliko shokapu, na fremu iliyochomelewa hupunguza bei ya chombo siku ya kukiuza.

La pili ni kufunga shokapu ndefu kuliko za kiwandani ili kupata urefu wa kukwepa mawe. Sehemu ya nyuma ikipanda, usukani husimama wima zaidi na chombo huwa chepesi kuyumba kwenye utelezi. Cheni hubadilika mkazo, na stendi ya pembeni huwa fupi kiasi kwamba pikipiki huanguka yenyewe ikiegeshwa kwenye mteremko. Mji wa Tukuyu hauna uhaba wa miteremko.

La tatu ni kufunga springi ngumu kupita kiasi kwa sababu ya siku za gulio. Springi iliyochaguliwa kwa kilo 200 haishuki inapobeba abiria mmoja wa kilo 65. Siku zilizobaki za wiki abiria anakaa juu ya chuma, na dereva pia.

La nne ni kubadili shokapu moja na kuiacha ya pili. Upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine umelegea, mkono wa nyuma unaoshika gurudumu hupindwa kila shimo linapopigwa. Bushi zake huisha mapema na tairi huliwa upande mmoja. Shokapu hununuliwa mbili mbili.

Panda ngazi kutoka chini

Mwenye mtaji mdogo asianze na kifaa cha bei kubwa. Aanze na yale yasiyo na gharama, na apande ngazi pale tu tatizo linapobaki.

Ngazi ya kwanza ni upepo wa tairi la nyuma. Tairi lililojazwa kupita kiasi hupiga kama jiwe hata shokapu ikiwa mpya. Fuata kiwango kilichoandikwa katika kijitabu cha chombo, ambacho kwa kawaida hutofautisha dereva peke yake na dereva mwenye abiria.

Ngazi ya pili ni pete iliyo chini ya springi. Shokapu nyingi za aina hii zina pete yenye hatua kadhaa. Zile za TVS HLX zina hatua 5. Ukiizungusha kwenda juu, pikipiki huinuka ikiwa na mzigo. Ieleweke kwamba kukaza pete hakuiongezei springi nguvu, kunaianzishia kazi juu zaidi tu. Pande zote mbili ziwe hatua moja, na jioni baada ya mzigo zirudishwe.

Ngazi ya tatu ni bushi za mpira kwenye matundu ya shokapu, pamoja na bushi za mkono wa nyuma. Kelele nyingi zinazohusishwa na shokapu hutoka hapa, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha.

Ngazi ya nne ni kununua jozi mpya ya kiwango cha kiwandani. Ngazi ya tano ni jozi ya gesi ya kweli, au yenye springi iliyochaguliwa kwa uzito wako. Ngazi hii ya tano inafaa kwa chombo kinachofanya kazi nzito kila siku, siyo kwa kila pikipiki.

Kabla ya kuamua springi, chukua utepe wa fundi cherehani. Simamisha pikipiki juu ya stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa hewani, na upime kutoka katikati ya ekseli hadi alama utakayoweka juu yake kwenye fremu. Kisha shusha chombo, dereva akae pamoja na mzigo wake wa kawaida, na upime tena. Tofauti ndiyo kiasi ambacho shokapu imezama. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi duniani ni kwamba kuzama huko kuwe kati ya robo na theluthi ya safari yote ya gurudumu. Kama safari ni milimita 90, kuzama milimita 25 hadi 30 ni sawa. Ikizama 50, springi ni laini kwa kazi yako. Ikizama 10, ni ngumu.

Hesabu ya mwaka mmoja

Sasa tuingie kwenye fedha. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na msomaji aweke bei za duka lake mwenyewe. Kinachotakiwa ni njia ya kukokotoa.

Tuseme jozi ya bei ya chini inauzwa shilingi 35,000 na katika barabara za Rungwe inadumu miezi 3. Jozi bora inauzwa 90,000 na inadumu miezi 12. Kila kubadili kuna ufundi wa 5,000 na nusu siku ya kazi inayopotea, ambayo ni 5,000 nyingine kama hesabu ya siku ni 10,000.

Anayenunua ya bei ya chini atanunua mara 4 kwa mwaka. Vipuri ni 140,000, ufundi 20,000 na siku zilizopotea 20,000, jumla 180,000. Anayenunua iliyo bora atatumia 90,000 na 5,000 na 5,000, jumla 100,000. Tofauti ni shilingi 80,000 kwa chombo kimoja. Mwenye pikipiki 5 anaongelea 400,000.

Msomaji makini atauliza: itakuwaje kama hiyo jozi bora haifiki miezi 12? Swali hilo ndilo la mwekezaji. Jozi ya bei ya chini inagharimu 45,000 kwa kila miezi 3, yaani 15,000 kwa mwezi. Ukigawa 100,000 kwa 15,000 unapata miezi 6 na siku 20. Kwa hiyo jozi bora ikidumu miezi 7 umeanza kupata faida; ikifa mwezi wa 5 umepata hasara. Kila mmiliki aandike tarehe ya kufunga shokapu katika daftari lake. Bila tarehe hiyo hesabu hii haiwezekani, na bei ndogo ya dukani itaendelea kuonekana ni nafuu.

Katika hesabu hii hatujaingiza parachichi zilizopondeka, njiti za rimu zilizokatika, wala abiria wa kila siku aliyehamia kwa dereva mwingine. Hatujaingiza pia mgongo wa dereva. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2002 agizo namba 2002/44 linalomtaka mwajiri akadirie mtikisiko unaompata mfanyakazi kazini na kuchukua hatua pale unapopita kiwango kilichowekwa kwa siku ya saa 8. Dereva wa bodaboda yuko juu ya kiti kuanzia alfajiri hadi usiku, na ulinzi alionao dhidi ya mtikisiko ni tairi, sponji ya kiti na hizo shokapu mbili.

Kwa nini hazinunuliwi

Kama faida ni wazi hivyo, kwa nini vyombo vingi vinatembea na shokapu zilizokufa? Jibu lipo kwenye mikataba.

Katika mfumo wa hesabu, tajiri anamiliki chombo na dereva anapeleka kiasi maalumu kila siku. Kwa desturi dereva hulipia petroli na pancha, tajiri hulipia matengenezo makubwa. Shokapu imekaa katikati. Tajiri huiona ni jambo la raha, hivyo ni la dereva. Dereva huiona ni sehemu ya chombo, hivyo ni ya tajiri. Anayepata nafuu ya haraka ni dereva na abiria wake, wakati fremu inayookolewa ni mali ya tajiri, naye haioni ikiokolewa. Kila mmoja anamsubiri mwenziwe mpaka fremu inapasuka, na hapo tajiri analipa kiasi kikubwa zaidi huku hesabu ikiwa imesimama.

Katika mfumo wa mkataba, ambapo dereva hulipa kwa muda uliokubaliwa na mwishowe chombo kinakuwa chake, hali ni kinyume. Dereva ana sababu zote za kukitunza, ila hana fedha taslimu za kutoa kwa mkupuo, kwa kuwa kila siku ana deni la siku hiyo. Ananunua ya 35,000 kwa sababu ndiyo anayoweza leo. Anayekosa fedha ya mkupuo ndiye anayelipa 180,000 kwa mwaka badala ya 100,000.

Dawa yake ni kipengele kimoja katika mkataba, kiandikwe kwa maneno ya kawaida. Wanaotumia hesabu wanaweza kukubaliana kutenga shilingi 300 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi ni 90,000, ambayo ndiyo bei ya jozi bora katika mfano wetu. Wanaotumia mkataba wanaweza kukubaliana tajiri anunue jozi, na dereva amrudishie 1,000 kwa siku kwa siku 90, juu ya malipo ya kawaida. Tajiri hapotezi kitu na chombo kinachodhamini deni lake kinabaki kizima. Kipengele kitaje pia uzito wa mwisho wa mzigo, kwa sababu shokapu iliyolipiwa na mmoja isiuawe na mwingine kwa kubeba mikungu kupita kiasi.

Ikumbukwe kwamba shokapu bora haibadili sheria. Abiria anayeruhusiwa kwenye pikipiki ya biashara ni mmoja, na mshikaki unabaki kosa hata chombo kikiwa hakineseneshi.

Upande wa muuza vipuri

Wanunuzi huwalaumu wenye maduka kwa kujaza shokapu hafifu. Hesabu ya mtaji inaeleza sababu. Tuendelee na mfano wetu. Mwenye duka ana 280,000. Akinunua jozi 10 za bei ya chini kwa 28,000 na kuziuza zote ndani ya mwezi kwa 35,000, anapata faida ya 70,000, yaani asilimia 25 ya mtaji wake kwa mwezi. Akinunua jozi 4 bora kwa 70,000 na kuziuza kwa 90,000, faida ni 80,000, lakini zikikaa rafuni miezi 3, faida ya mwezi ni kama 26,700, ambayo haifiki asilimia 10. Mwenye duka anafuata mzunguko wa fedha yake kama mfanyabiashara yeyote.

Njia ya kutoka hapo ni oda. Mbeya iko umbali wa kilomita 70 hivi, na mabasi madogo hupandisha na kushusha vifurushi siku nzima. Mwenye duka la Tukuyu anaweza kuweka rafuni jozi moja bora ya kila aina inayopendwa, kama Boxer na TVS, kwa ajili ya kuonyesha, na nyingine akaziagiza kwa nusu ya fedha mbele. Mtaji haulali, na mteja anapata mzigo kesho yake. Fedha ya kila siku iendelee kutoka kwenye bushi, ambazo huuzika haraka na kila shokapu mpya inazihitaji.

Anayeagiza apime mambo matatu: urefu kutoka katikati ya tundu la juu hadi la chini, ambao kwa pikipiki hizi huwa aghalabu kati ya milimita 300 na 350, kipenyo na upana wa tundu la bolti, na kama upande wa chini ni tundu au uma. Kosa la milimita chache huzaa mzigo usiouzika.

Kuhusu asili, si kila kilichoandikwa jina la kiwanda kimetoka huko. Viwanda vya pikipiki mara nyingi havitengenezi shokapu vyenyewe. Nchini India, Endurance Technologies ni mtengenezaji mkubwa wa shokapu za Bajaj, na Gabriel India huiuzia TVS miongoni mwa wengine. Thailand kuna YSS, inayotengeneza shokapu za kubadilishia kwa pikipiki nyingi ndogo. Kwamba biashara hii ina fedha inaonekana katika hatua ya Brembo ya Italia, mtengenezaji wa breki, ambayo Oktoba 2024 ilitangaza kuinunua Öhlins ya Sweden kwa dola za Marekani milioni 405. Bidhaa za Öhlins ni za mashindano na bei yake haina nafasi katika kijiwe cha Ushirika, ila kanuni inayouzwa ni ile ile ya oili inayopita kwenye matundu.

Muuzaji anayetaka wateja wa kudumu atoe risiti yenye tarehe na dhamana ya muda anaoweza kuubeba, hata kama ni miezi 3 tu ya kutovuja. Dhamana hiyo itamlazimisha naye aulize maswali kwa muuzaji wa jumla wa Mbeya au Kariakoo, na mnunuzi atakuwa na kitu cha kulinganisha zaidi ya bei na unene wa springi.

Ya kufanya wiki hii

Mwenye chombo anaweza kuanza bila kutoa fedha. Siku ya kupokea hesabu, akandamize kiti na kuachia, apitishe kidole kwenye fito, na aangalie kama kuna mpira uliobanwa kwenye springi. Amwombe dereva afute tope kwenye fito kila jioni kwa kitambaa, kazi ya dakika moja inayoongeza umri wa sili. Kisha wakae wote wawili na daftari, waandike tarehe ya leo, hali ya shokapu, na mstari mmoja unaosema nani atazilipia na kwa shilingi ngapi kwa siku.